Mwenyekiti Aliyesubiri Mazishi

Kuna watu hapa Kakamega wanaosema Mwenyekiti ndiye aliyeiua maktaba yetu. Kuna wanaosema bila yeye ingekufa zamani, tena kifo cha aibu. Mimi nilifanya kazi naye miaka mingi, yeye akiwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba, mimi karani wa mezani: mpokea vitabu, mfagiaji, mfukuza mbuzi. Ukiniuliza niko upande gani, inategemea umenikuta nimeamkaje. Zipo asubuhi ninazomtetea mpaka koo linanikauka. Zipo nyingine, nikipita pale na kuona kufuli ya watu wengine mlangoni, namlaani kwa jina lake kamili. Jina hilo sitaliandika, maana hata sisi hatukulitumia. Sokoni aliitwa Mwenyekiti, kanisani Mwenyekiti, na marehemu mumewe alikuwa akija jioni, anasimama mlangoni na kumwambia, "Mwenyekiti, obusuma unapoa," yaani ugali.

Basi ngojeni niwaeleze nilivyomjua, halafu mhukumu wenyewe.

Nianze na kimya. Maktaba nyingine zina karatasi ukutani ya kuamuru watu wanyamaze. Yetu haikuwa nayo. Mwenyekiti alisema kumwandikia mtu mzima "nyamaza" ni kumtukana. Ukipiga domo mle ndani, au ukipokea simu na kuanza kuulizia bei ya ng'ombe wa soko la Lubao, yeye aliinuka, akabeba kiti chake cha plastiki, akaja kukiweka kando yako kabisa, bega kwa bega, akaketi. Hasemi kitu. Hakutazami. Anaketi tu, mikono mapajani, anapumua. Nawaambia hakuna mdomo uliowahi kushindana na kile kiti. Niliona polisi akinyamaza. Niliona mhubiri akinyamaza, na yule bwana alikuwa hanyamazi hata akitafuna.

Tena hakikuwa kiti cha wenye kelele peke yao. Alikuwapo dada mmoja aliyefanya kazi ya nyumba kule mtaa wa Amalemba, mwanamke mzima mwenye watoto wake nyumbani kwa mamake. Alitaka kurudia mtihani wa kidato cha nne ili aombe nafasi ya kusomea uuguzi. Mwenye nyumba alimwachilia alasiri, wakati mtoto amelala, naye akaja mbio, mikono bado inanuka sabuni. Siku moja hesabu zilimshinda, akainamisha kichwa mezani akaanza kulia. Mwenyekiti akabeba kiti. Nikasema moyoni, woi, sasa anakwenda kumnyamazisha hata huyu! Kumbe aliketi kando yake vile vile, bega kwa bega, mpaka yule dada akapangusa uso na kufungua tena kitabu.

Mimi nilimpenda kwa siku kama hizo. Siku nyingine nilitamani kumrushia ufagio.

Sheria yake ilikuwa kwamba hakuna kula ndani ya maktaba. Aliitunga mwenyewe, akaitetea mwenyewe, na akamtoa nje diwani mzima aliyeingia na mahindi ya kuchoma. Lakini kwenye droo ya meza yangu, chini ya mihuri, kulikuwa na njugu na viazi vitamu vya kuchemsha, na yeye ndiye aliyeviweka. Akiona mwanafunzi amekodolea macho ukurasa mmoja tangu asubuhi, alipita nyuma yake na kumwekea kiazi mapajani. Nikimuuliza, "Mwenyekiti, si ni marufuku?" ananijibu, "Hii si kula. Hii ni dawa."

Na hapa kuna jambo wengi hawakulijua. Mwenyekiti hakuwa msomaji. Sikumwona akimaliza kitabu hata kimoja. Alikuwa akifungua, anasoma ukurasa wa kwanza kwa heshima zote, kisha kidevu kinashuka kifuani. Nilipomcheka alisema, "Mwenye duka la viatu huvaa vyote?" Lakini kitabu kikipotea alikosa usingizi. Tuliletewa wakati fulani maboksi ya vitabu kutoka ng'ambo, na ndani kulikuwa na kimoja cha kufundisha watu kuteleza juu ya theluji. Jamani, Kakamega! Nikataka kukitumia kuziba dirisha. Alininyang'anya. Akasema tupange tu, kuna siku mtu atakuja kuulizia theluji, atukute tuko tayari.

Ukichelewesha kitabu hukutozwa chochote. Adhabu yake ilikuwa kusimama mbele ya wasomaji na kueleza kilichomo. Mzee mmoja mkulima wa miwa alikaa na kitabu cha ufugaji wa kuku mpaka tukamsahau. Alipokileta, Mwenyekiti akamsimamisha. Mzee akakohoa, akaanza taratibu, halafu akapata moto: jinsi ingokho inavyougua, jinsi inavyolalia, jinsi jogoo wake mwenyewe alivyokataa mafundisho yote ya mle kitabuni. Watu walicheka mpaka waliokuwa nje wakaingia kusikiliza. Wiki iliyofuata wanne walikipigania kile kitabu.

Sasa nifike kwenye kamati, maana hapo ndipo penye kisa.

Mwenyekiti aliamini kamati kama wengine wanavyoamini ubatizo. "Maktaba haina mwenyewe," alisema, "ndiyo maana ina kamati." Kwa hiyo kila kitu kilikwenda kamatini. Ufagio ukiisha, kamati. Pazia likichanika, kamati. Mvua ya Kakamega mnaijua, ile ya alasiri isiyokosa, na bati letu lilikuwa na matundu. Nilipanga ndoo katikati ya rafu nikingojea wajumbe wakubaliane ni fundi yupi aitwe. Walijadili fundi huyo masika yote. Nilimwambia, "Mwenyekiti, wewe si una mdomo? Mwite fundi!" Akaniangalia kana kwamba nimemwambia aibe. "Leo nitamwita fundi peke yangu," akasema. "Kesho mwingine atakuja na kuuza jengo peke yake. Utamwambia nini?"

Nikaenda kumwaga ndoo.

Aliyempinga humo kamatini alikuwa Makamu, yaani makamu wa mwenyekiti. Mzee huyu aliwahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, kisha akastaafu, akawa na boma lake la jadi Iguhu na shamba la mahindi kule Lugari alikokaa na wanawe. Hakukosa kikao. Alisafiri toka Lugari na kofia yake, akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, akafungua kwa sala ndefu iliyotaja kila ugonjwa uliopo duniani, halafu akaanza kupinga. Mwenyekiti akiuliza, "Kuna anayepinga?" yeye anainua kofia na kusema, "Mimi napinga, lakini andikeni nilikuja." Alipinga rangi ya ukuta. Alipinga kufungua Jumamosi. Alipinga viazi vya kwenye droo, na baada ya kupinga akaomba kimoja.

Mwenyekiti alikuwa anatoka kikaoni akijipepea kwa leso. "Yule mzee ataniua," anasema. Lakini Makamu akichelewa hata kidogo, yeye hakukubali kuanza. Alisimama mlangoni na kuchungulia barabara. "Hatuketingi bila mwenye kupinga," alisema. "Kikao cha watu wanaokubaliana ni sherehe."

Na kuna siku kanuni hizo zilituokoa, siwezi kuzinyima haki hiyo. Wakati wa uchaguzi mmoja, mheshimiwa fulani alitaka chumba cha kusomea kiwe stoo ya fulana na mabango yake. Vijana wake walikuja wakipiga meza. Mwenyekiti hakuwakatalia. Aliwakaribisha chai. Akawaambia, "Mheshimiwa ni mtu wetu, lakini mimi peke yangu sina neno. Ngojeni kamati iketi." Akaitisha kikao, na ajabu, akidi haikutimia, yaani wajumbe hawakufika idadi ya kutosha. Mmoja ng'ombe wake alikuwa anazaa. Mwingine alikuwa na harusi. Makamu alituma ujumbe kwamba anapinga ujanja huo lakini siku hiyo ataumwa mgongo. Akaitisha tena, migongo ikauma tena. Kura zikapigwa, zikahesabiwa, mheshimiwa akashindwa, na fulana zake hazikuwahi kuingia mlangoni petu. Tulicheka wiki nzima. Mwenyekiti hakucheka sana. Alisema tu, "Mnaona? Mwenye kusubiri hashindwi."

Laiti angeshindwa siku ile! Labda angejifunza jambo jingine.

Jengo halikuwa letu. Lilikuwa la ofisi moja ambayo sitaitaja, na miaka yote hiyo walitusahau, nasi tukafurahi kusahauliwa. Kisha wakatukumbuka. Alikuja kijana wa ofisini, mpole, viatu vinang'aa, akaketi kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kitamchafua. Akasema kamati yetu imemaliza muda wake. Iketi, ichague viongozi upya, kisha tupeleke kumbukumbu za kikao kabla ya mwezi kwisha. Tusipofanya hivyo jengo litahesabiwa kwamba halina wenyewe, lipewe matumizi mengine.

"Ni hayo tu?" Mwenyekiti akauliza.

"Ni hayo tu, Mama."

Alifurahi, masikini. Alidhani wameomba kitu anachokiweza kuliko watu wote Kakamega. Kikao kikapangwa Alhamisi ya wiki ya tatu. Nikapangusa viti. Jumanne, siku mbili kabla, Makamu akaanguka shambani Lugari akiwa anang'oa magugu, akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Mwenyekiti alipata habari akiwa mle ndani. Aliketi. Baadaye akasema, "Nani atanipinga sasa?" akafunika uso kwa leso, na ilikuwa zamu yangu kubeba kiti.

Kikao cha Alhamisi kikafutwa, na hilo hakuna aliyelishangaa. Kwetu mtu akifa kazi inasimama. Mwenye duka anafunga, mwalimu anatoa ruhusa, hata kesi inaahirishwa. Ukisema neno moja, "tumefiwa", hakuna anayekuuliza la pili. Tulijua atazikwa Jumamosi, tuketi Jumatatu, tupeleke karatasi, tuendelee na maisha. Mwenyekiti hata alijifunga leso akaenda mwenyewe kwenye ile ofisi. Alimkuta dada wa mapokezi. Akamwambia, "Mwanangu, tumefiwa." Dada akamwambia, "Pole sana, Mama." Mwenyekiti akarudi ametulia.

Nikamuuliza, "Wamesema nini?"

"Wamesema pole."

Nanyi mnaelewa kama nilivyoelewa mimi. Mtu akishakupa pole amekubali. Ndivyo tulivyolelewa sote.

Lakini Makamu hakuzikwa Jumamosi. Wanawe wa Lugari walisema baba yao atalala kwenye shamba alilolilima. Ukoo wa Iguhu ukasema mtu hazikwi ugenini wakati boma lake lipo na mke wake wa kwanza amelala pale anamngoja. Maneno yakawa makali. Mwili ukakaa mochari. Jumamosi ikapita, Jumatatu ikapita, na mwezi ulikuwa unakwenda zake.

Hapo ndipo Katibu alipokuja. Katibu wa kamati alikuwa mwalimu wa sekondari, kijana bado, mkazi wa Amalemba, mtu asiyependa kelele. Alimkuta Mwenyekiti mezani kwangu.

"Mama, tuketi tu," akamwambia. "Dakika chache. Hata bila yeye tunafika akidi."

"Mwili uko wapi?"

"Si uko mochari, Mama."

"Umezikwa?"

"Bado, lakini..."

"Basi Makamu bado ni Makamu. Sisi hatuketingi kikao na mtu wetu amelala juu ya ardhi. Ulisikia wapi? Tutamchagua nani kwenye kiti chake, na mwenyewe hajakitoka?"

"Basi niruhusu niwaandikie barua. Tuwaombe siku chache."

"Msiba hauombewi ruhusa kwa barua. Nimewaambia tumefiwa. Wamenipa pole."

Katibu akanigeukia mimi. Mimi nikageukia rafu. Yule dada wa Amalemba alikuwa kwenye kona yake, kalamu imesimama hewani, anasikiliza. Mtihani wake ulikuwa umekaribia na hakuwa na meza nyingine duniani.

Kilichofuata sijawahi kukiona popote. Kwa kuwa hakutaka kuketi kabla ya mazishi, Mwenyekiti aliamua kuyaharakisha mazishi. Mama wa umri ule, magoti yamevimba, alikwenda Iguhu kuwasihi wazee wa ukoo. Akaenda Lugari kuwasihi wanawe. Akarudi Iguhu. Safari moja ya Lugari nilikwenda naye, maana niliogopa ataanguka njiani. Tulikuta watu wamegawanyika pande mbili uani, mtoto mkubwa wa marehemu anapayuka kwamba hakuna mtu wa Iguhu atakayemwambia baba yake alale wapi.

Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti pale. Alikuwa mgeni tu, mwanamke, tena wa ukoo mwingine. Aliomba kusema, wakamwambia angoje. Akangoja. Akaomba tena. "Mama, wewe ni wa nini hapa?" yule mwana akamuuliza.

"Mimi ni yule babako alikuwa anapinga," akajibu.

Wengine wakacheka kidogo, halafu kelele zikaanza upya. Nikamnong'oneza, "Mwenyekiti, leo ni Jumatano. Mwezi unaisha Ijumaa. Turudi, tuketi kesho, Mungu atatusamehe."

"Siku nazijua. Mimi si mgonjwa," akasema.

Kisha akabeba kiti. Haki ya Mungu, alibeba kiti cha watu, akavuka ua wote ule, akakiweka kando ya yule mwana aliyekuwa anapayuka, bega kwa bega, akaketi. Yule bwana akaendelea kupayuka. Akapunguza. Akamtazama. Mwenyekiti anatazama mbele tu, mikono mapajani. Ghafla yule bwana mkubwa akaanza kulia kama wanavyolia wanaume, kwa mabega, na aliponyamaza akasema, "Basi mpelekeni Iguhu. Alale na Mama." Wakakubaliana mwili utoke mochari Ijumaa, mazishi yawe Jumamosi.

Tulipokuwa tunarudi nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Makamu, na nikamlilia Mungu kwa ajili yetu. Jumamosi ilikuwa siku moja baada ya mwisho wa mwezi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Siku moja! Nani atamhesabia mfiwa siku moja?"

Ijumaa hiyo Katibu aliwakusanya wajumbe wote waliobaki. Walikuja maktaba mchana, wakaketi, kiti cha dirishani wamekiacha wazi. Akidi ilitimia. Kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, na ofisi ilikuwa mwendo wa kutembea. Walichokosa ni neno la Mwenyekiti, naye alikuwa Iguhu kupokea mwili. Katibu akampigia simu, akaiweka kwa sauti tusikie sote.

"Mama, tuko hapa wote. Sema neno moja tu, 'anzeni'. Mengine niachie mimi."

Tukasikia ngoma za isukuti zinalia nyuma yake na wanawake wakipiga nduru. "Mwili unaingia nyumbani sasa hivi," akasema. "Mmesikia? Unaingia sasa hivi."

"Mama, tafadhali. Nakuomba kama mtoto wako."

"Njooni tuzike," akasema, na simu ikakatika.

Mngeweza kuanza bila yeye, mtasema. Nami nilisema! Niliwafokea wale watu wazima mle ndani, nikapiga meza. Hakuna aliyeinua kalamu. Katibu alishika kichwa. Mjumbe mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba anaenda kutafuta usafiri wa Iguhu, na wengine wakamfuata. Walimkasirikia Mwenyekiti, ndiyo, lakini wote walikuwa wamezaliwa hapa.

Tulimzika Makamu vizuri. Jumatatu kamati ikaketi. Sijaona kikao safi kama kile. Sala ilifanywa, uchaguzi ukafanywa, kila jambo likaandikwa. Mwenyekiti akauliza, "Kuna anayepinga?" halafu akangoja. Alingoja muda mrefu mno, macho yake kwenye dirisha. Hakuna aliyeinua kofia.

Alipeleka karatasi mwenyewe. Safari hii alitokea yule kijana wa viatu.

"Mama, tarehe ilipita."

"Tulikuwa tumefiwa. Niliwaambia."

"Pole sana, Mama. Lakini tarehe ilipita."

Wiki ile ile lori likaja. Walibeba vitabu kwa mafungu mikononi, hivi, kama matofali, hata kile cha theluji. Walisema vinapelekwa kwenye ukumbi wa shule fulani, na mpaka leo sijakutana na mtu aliyeviona. Chumba cha kusomea kikawa stoo ya viti na mahema. Stoo! Tuliyomnyima mheshimiwa, tuliwapa wengine kwa kuzika. Nilisimama pale verandani nikamwambia Mwenyekiti mbele ya watu maneno ambayo mtu hamwambii mama wa rika lile. Alisikiliza mpaka mwisho, akaokota kiti chake cha plastiki, akaenda.

Wanafunzi waliendelea kuja kwa muda. Walikaa verandani na madaftari. Yule dada wa Amalemba alisoma akiwa amesimama, mgongo ukutani, mvua inampiga miguu. Siku ya mwisho alinionyesha kitabu cha hesabu alichokuwa ameazima kabla ya lori. "Nirudishe wapi, dadangu?" akaniuliza. Nilimwambia akae nacho. Hakuja tena, na mtihani ulipofika niliambiwa hakuufanya. Mimi nikaanza kuuza mitumba Lubao. Katibu akikutana na Mwenyekiti kanisani alibadilisha benchi. Mwishowe Mwenyekiti akahamia Iguhu, kwenye boma la marehemu mumewe, na mjini hatukumwona tena.

Nilimwona juzi. Nilikuwa nimempeleka mamangu hospitali ya Iguhu kupimwa presha. Mama alipoingia ndani nikabaki kwenye viti vya foleni, na upande wa pili, karibu na ukuta, amekonda, leso imemzidi, alikuwa Mwenyekiti.

"Mulembe, Mwenyekiti," nikasema.

"Mulembe. Mwenyekiti wa nini, mwanangu?"

Tuliulizana habari za nyumbani. Akauliza kama bado niko Lubao, nikamwambia niko. Akauliza, "Na watoto wanasomeanga wapi siku hizi?" Nikamwambia hawana pa kusomea. Akatikisa kichwa, akatazama sakafu.

"Nimewaambia wanangu," akasema. "Nikifa, wasisimamishe kitu. Wanizike haraka, na kama kuna mtu ana kikao siku hiyo, aende kikaoni kwanza."

Ai! Nikamfokea. "Sasa ndiyo unasema? Sasa, Mama?"

"Sasa."

"Kwa nini hukusema 'anzeni'? Neno moja! Makamu angekasirika? Alikuwa amekufa!"

Watu wa foleni wakageuka. Yeye hakukasirika. "Ningesema," akajibu polepole, "nani angemleta mtoto wake kwa watu wasiozika?"

"Na sasa wanamleta wapi?"

Alikunja ncha ya leso yake. Kisha akasema, "Nilikosea. Lakini si pale kwa kusubiri, mwanangu. Nilidhani nao kule ofisini wamewahi kufiwa."

Sijui kilichonipata. Nililia. Nililia kwa sauti mbele ya wagonjwa, kwa ajili ya yule dada na kitabu chake kisichorudi popote, kwa ajili ya zile ndoo nilizopanga chini ya bati, kwa ajili ya huyu mama niliyemtukana verandani na ambaye nilitaka kumtukana tena. Mtu mmoja akasema, "Mama, punguza, hii ni hospitali." Sikuweza kupunguza.

Nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Hakuwa na nguvu ya kukibeba tena. Alikivuta kidogo, akapumzika, akakivuta, mpaka akakifikisha kando yangu, bega kwa bega, akaketi. Mikono mapajani. Anatazama mbele.

Muuguzi akatokea mlangoni akaita jina lake, lile jina kamili ambalo hakuna aliyelitumia. Akaita tena. Mwenyekiti hakuinuka, na muuguzi akaita mwingine. Tukakaa hivyo mpaka nikanyamaza.